Kunyanyua wanaweza, kutua ndiko kunakowaponza

Na Mwandishi Wetu

Gunia la mahindi likiwa chini, wanaume wanne hulizunguka. Wawili hushika pembe za chini, wawili za juu, mmoja anahesabu, na kwa mkupuo mmoja wanamtwika mwenzao mabegani. Msimu wa mavuno huko Mashewa, wilayani Korogwe, mkoani Tanga, kazi hiyo huenda kwa kelele na utani mpaka Fuso lijae.

Sasa tazama upande wa pili, pale gunia linapofika linakokwenda. Hakuna anayehesabu. Mbebaji anainamisha bega, gunia linateleza, naye anajipinda ubavu kulikwepa. Aliyetwikwa na watu wanne anatua peke yake.

Jioni utakuta mchezo ule ule nyuma ya nyumba za vijana, safari hii bila mahindi. Kuna bomba la chuma, na kila upande limechomekwa kopo lililojazwa zege. Kijana anainama, anashika, anavuta, anasimama wima, wenzake wanashangilia. Kisha anaachia. Zege linapiga chini, kipande kinaruka, na wote wanacheka.

Zoezi hilo kwa wanamichezo huitwa dedilifti: kuinua chuma kilicho sakafuni mpaka usimame nacho, mikono ikiwa imenyooka. Kila mwenye simu ameliona likifanywa na mijitu ya Ulaya na Marekani. Nusu yake ya pili, ya kukirudisha chuma kilikotoka, haipigiwi makofi na mtu. Makala haya yanaihusu nusu hiyo.

Waamuzi wanasemaje

Dedilifti haimo katika Olimpiki. Kule kuna kunyanyua kwa namna mbili tu, na zote huishia chuma kikiwa juu ya kichwa. Dedilifti ni ya mchezo mwingine wa nguvu, pamoja na kuchuchumaa na chuma mabegani na kukisukuma ukiwa umelala chali.

Tofauti hiyo ndiyo chanzo cha mkanganyiko. Mnyanyuaji wa Olimpiki huruhusiwa kuacha chuma kianguke baada ya mwamuzi kuridhika, kwa sababu sahani zake zina mpira mnene na jukwaa limejengwa kumeza kishindo. Kwenye dedilifti ya mashindano mambo ni kinyume. Kanuni za shirikisho la kimataifa la mchezo huo zinasema ukishusha kabla ya ishara ya mwamuzi mkuu, jaribio limekufa. Ukikiachia kutoka viganjani kabla hakijafika chini, limekufa pia, hata kama umenyanyua kilo ambazo hakuna mwingine ukumbini aliyezigusa.

Waliotunga kanuni hizo walijua walichokuwa wakikifanya. Kazi haijaisha mpaka chuma kitulie sakafuni na mikono miwili ikiwa juu yake.

Kijana wa kijijini hajaziona kanuni. Ameona video ya sahani za mpira zikidunda, akaiga kwa kutumia kopo la rangi lililojaa saruji na kokoto.

> Waliotunga kanuni hizo walijua walichokuwa wakikifanya. Kazi haijaisha mpaka chuma kitulie sakafuni.

Wanaoachia na wanaoshusha

Wanyanyua vyuma wamegawanyika kambi mbili, na si Tanga tu, ni duniani kote.

Kambi ya kwanza huachia. Hoja yao ina uzito: ukishamaliza kunyanyua umechoka, mshiko umelegea, na kuendelea kuinama na mzigo huku umechoka ni kujitafutia balaa. Wanaongeza kwamba maumivu ya misuli yanayokuja kesho yake na keshokutwa hutokana zaidi na kushusha kuliko kunyanyua. Hilo ni kweli. Msuli unaorefuka huku umekaza, kama ule wa nyuma ya paja wakati wa kushusha, ndio unaochanikachanika kidogo kidogo na kuuma baadaye.

Kambi ya pili hushusha, tena polepole mno, kwa kuamini kwamba polepole ndiyo salama. Nao wana hoja. Msuli hujengeka vizuri ukifanyishwa kazi kwenda na kurudi, na anayeachia anajinyima nusu ya mazoezi.

Jambo ambalo kambi zote mbili hulisahau ni hili: msuli una nguvu zaidi unaposhusha kuliko unaponyanyua. Mzigo uliokushinda kuuinua hata kidogo, bado unaweza kuuzuia usianguke ghafla. Kwa hiyo aliyefaulu kukinyanyua chuma ana nguvu za kukirudisha. Kinachomwangusha ni kwamba kichwani ameshafunga kazi. Pumzi imetoka, tumbo limelegea, macho yameshahamia kwa mashabiki, na chuma bado kiko mapajani.

Msimamo wa mwandishi huyu ni wa katikati, na unaegemea kushusha. Shusha kwa haraka ya wastani, sekunde moja au mbili, mradi wewe ndiye unayekiongoza chuma. Kukokota kwa sekunde sita ukiwa na mzigo wako mkubwa kabisa ni ushujaa usio na faida. Kuachia kubaki kwa dharura: mshiko umeponyoka, kizunguzungu kimekushika, au kitu kimechoma mgongoni. Hapo fungua viganja vyote kwa pamoja na urudi nyuma. Kamwe usiachie mkono mmoja.

Nyonga kwanza, magoti baadaye

Kosa kubwa la kushusha huanzia kwenye magoti. Mtu akiwa amesimama na chuma, hukunja magoti kwanza, kama anayekaa kwenye kigoda. Magoti yanatangulia mbele na kuziba njia. Chuma hakiwezi kupenya, kwa hiyo ama kinagonga goti, ama kinazunguka mbele yake.

Kinapozunguka mbele ndipo mgongo unapolipa. Misuli inayoushika uti wa mgongo iko sentimita tano au sita tu nyuma ya pingili, wakati mzigo uko mbali zaidi upande wa mbele. Chuma cha kilo 80 kikisogea sentimita 10 kutoka mwilini, misuli hiyo hulazimika kuongeza mvuto wa kati ya kilo 130 na 160 ili usidondoke kifudifudi. Nguvu yote hiyo inazikandamiza pingili za kiunoni. Sentimita 10 ni upana wa kiganja.

Njia sahihi ni ile ile ya kupandia, ikirudiwa kinyumenyume. Anza kwa kusukuma makalio nyuma, magoti yakilegea kidogo tu. Fikiria mtu aliyeshika ndoo za maji mikono yote miwili anayefunga mlango kwa makalio. Kiwiliwili kinainama chenyewe, na chuma kinateremka kikiparuza mapaja. Kikishapita magoti, sasa ndipo ukunje magoti, nacho kinafuata miundi mpaka chini. Kisiache kugusa suruali hata mahali pamoja. Ndiyo maana wazoefu huvaa soksi ndefu: wengi wana makovu ya mikwaruzo kwenye miundi.

Mabega yabaki yamevutwa chini. Macho yatazame sakafuni hatua chache mbele, maana anayeinua uso kujiangalia kwenye kioo hukunja shingo bila sababu. Nyayo zote zikanyage, uzito ukiwa katikati ya unyayo.

Wengine hushika kiganja kimoja kikitazama mbele na kingine nyuma ili chuma kisizunguke. Mshiko huo ni imara, ila mkono uliogeuzwa mbele usikunjwe kiwiko hata kidogo wakati wa kushusha. Msuli wa mkono huo umewahi kuchanika kwa wanyanyuaji wengi wa mashindano.

Pumzi

Kabla ya kunyanyua, watu hujaza pumzi tumboni na kuibana. Tumbo lililokazwa hivyo huushikilia uti wa mgongo kwa mbele kama mkanda. Tatizo ni kwamba wengi huitoa yote wakifika juu, kwa kelele, kisha wanaanza kushuka wakiwa watupu.

Ibane mpaka chuma kifike chini, au itoe kidogo kidogo ukiwa umekaza tumbo. Mzigo ukiwa mwepesi na marudio mengi, vuta pumzi mpya ukiwa juu, kaza, ndipo ushuke.

Kubana pumzi kuna gharama. Mwaka 1985 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, walipima shinikizo la damu ndani ya mishipa ya vijana wenye afya njema waliokuwa wakisukuma mizigo mizito kwa miguu. Mmoja alifikia 480 kwa 350, wakati kipimo cha kawaida ni karibu 120 kwa 80. Mwingereza Eddie Hall alipovuta kilo 500 mjini Leeds, Julai 2016, damu ilimtoka puani na akaanguka.

Shinikizo hilo hupanda kwa sekunde chache tu, lakini mtu anapoachia pumzi ghafla hushuka kwa kasi, na kizunguzungu huja hapo. Ndiyo sababu ya kutokaa juu na chuma ukijionyesha. Mwenye presha isiyodhibitiwa aachane kabisa na mizigo ya kubana pumzi mpaka aongee na daktari wake.

Zege si chuma

Sasa tuje kwenye jambo ambalo vitabu vya mazoezi vya ughaibuni haviligusi, kwa kuwa waandishi wake hawajawahi kumwaga zege kwenye kopo.

Sahani kubwa ya mashindano ina kipenyo cha sentimita 45. Chuma kinachopita katikati yake hulala sentimita 22.5 kutoka sakafuni, karibu nusu ya muundi. Dedilifti yote, kuanzia pembe ya magoti hadi mwinamo wa mgongo, imepangwa juu ya kimo hicho. Pia kimo hicho huokoa vidole vya miguu, maana sahani hugota sakafuni kabla bomba halijafika kwenye kiatu.

Kopo la rangi la lita nne lina kipenyo cha sentimita 18 hivi. Bomba lake hulala sentimita tisa tu kutoka chini. Kijana anayelifuata huko lazima ainame sentimita zaidi ya 13 kuliko bingwa wa dunia, na wengi wetu nyonga zetu hazifiki huko bila mgongo kujikunja. Hatua hizo za mwisho za kushusha, akiwa amechoka, ndizo mbaya kuliko zote.

> Kijana anayelifuata bomba huko chini lazima ainame sentimita zaidi ya 13 kuliko bingwa wa dunia.

Dawa iko kwa fundi wa matofali. Tofali la saruji la nchi tano likilazwa ubavu lina kimo cha karibu sentimita 13. Panga matofali kila upande, weka ubao juu yake, kisha vipande vya tairi kuukuu. Kopo likitua hapo, bomba liko kwenye kimo kinachokaribia kile cha mashindano. Tairi humeza kishindo, zege halipasuki, na vidole viko salama. Ubao upigiliwe kingo pande zote ili kopo lisiviringike na kudondoka.

Zege lina siri nyingine. Uzito wake ni kama theluthi ya uzito wa chuma cha ukubwa huo huo. Kopo la lita nne likijaa linakaribia kilo tisa na nusu, na ndoo ya lita 20 ikijaa huvuka kilo 45. Lakini fundi mmoja huweka kokoto nyingi, mwingine mchanga mwingi, na makopo mawili yaliyo pacha kwa macho hupishana kilo kadhaa. Wakati wa kunyanyua utavumilia. Wakati wa kushusha, upande mzito utatangulia na kuupinda mgongo. Yapelekeni kwenye mizani ya mazao, yaandikeni uzito kwa rangi.

Na kwa kuwa zege haliangushwi, hukumu kwa wanaotumia makopo ni nyepesi: mzigo usioweza kuurudisha kwa utaratibu ni mzito kwako. Punguza.

Mgongo ulionyooka: ubishi haujaisha

Walimu wa mazoezi husisitiza mgongo unyooke kama rula. Watafiti hawana uhakika huo. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa 2020 hayakupata ushahidi mzuri kwamba kukunja mgongo wakati wa kunyanyua peke yake ndiko kunakoleta maumivu ya kiuno. Wapo watu waliobeba wakiwa wamejikunja miaka yote, na wazima.

Hata hivyo kuna tofauti kati ya mgongo ulioanza ukiwa umekunjika kidogo ukabaki hivyo, na mgongo unaobadilika ghafla katikati ya safari ukiwa na kilo 100. Huo wa pili ndio unaoonekana zaidi wakati wa kushusha. Kwa anayeanza, ushauri wa zamani wa kunyoosha mgongo bado unafaa, kwa sababu unamfundisha kutumia nyonga.

Shirika la Afya Duniani linasema watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya kiuno mwaka 2020, na kwamba hakuna ugonjwa mwingine unaoongoza kwa kuleta ulemavu kuliko huo. Sehemu kubwa ya watu hao hawajawahi kushika chuma cha mazoezi.

Lumbesa na mabega ya watu

Hilo linaturudisha kwenye lori la mahindi. Anayebeba vyuma jioni huchagua uzito, huchagua siku, na akichoka hukaa. Kuli hachagui.

Sheria ya Vipimo, Sura 340, imeweka ukomo wa gunia la mazao kuwa kilo 100, na Wakala wa Vipimo umekuwa ukipambana na lumbesa, yaani gunia lililoongezewa kilemba juu ya mdomo na kushonwa kwa kamba. Mjadala karibu wote umekuwa wa mkulima kupunjwa, na ni halali. Mabega yanayolibeba hilo gunia hutajwa mara chache.

Linganisha. Taasisi ya usalama kazini ya Marekani, katika kanuni yake ya kukokotoa mizigo, huanza na kilo 23, tena kwa mazingira mazuri kabisa, na hupunguza kuanzia hapo. Hiyo ni ndoo ya maji na ushee. Pendekezo namba 128 la Shirika la Kazi Duniani la mwaka 1967 linataja kilo 55 kwa mwanaume mtu mzima. Gunia letu halali, lisilo na kilemba, ni karibu mara mbili ya hapo.

> Gunia letu halali, lisilo na kilemba, ni karibu mara mbili ya kilo 55 zinazotajwa na Shirika la Kazi Duniani.

Mnunuzi ana sababu zake. Ananunua kwa gunia, nauli ya lori anailipa kwa gunia, na kuli anamlipa kwa gunia. Kila kilo inayoongezwa ndani ya gunia lile lile ni faida kwake mara tatu. Ukimwambia ahamie mifuko ya kilo 50, kama ilivyo kwa saruji na mbolea, ataona gharama za kupakia na kushusha zimeongezeka.

Kuli naye hana pa kushika. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008, huchangiwa na mwajiri. Anayelipwa kwa gunia, leo na tajiri huyu kesho na yule, mara nyingi hana mwajiri wa kumtaja siku anapoumia. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 ipo pia, lakini ni nani mwenye mahali pa kazi ikiwa mahali penyewe ni nyuma ya gari barabarani?

Kuna linaloweza kufanyika kabla ya sheria kumfikia. Gunia lisitoke begani hadi ardhini kwa mkupuo. Liwekewe kituo: meza imara, rundo la magunia mengine, au bodi ya gari, chenye kimo cha kati ya kiuno na kifua. Mbebaji anarudi kinyumenyume, anaegesha, na wenzake wawili wanalipokea. Likitakiwa kushuka chini zaidi, washushe wawili, nyonga nyuma, gunia karibu na mwili, mmoja akihesabu kama walivyohesabu wakati wa kutwika. Asigeuze kiuno akiwa na mzigo, ageuze miguu.

Malipo nayo yafuate kilo. Mnunuzi akilipa nauli na ubebaji kwa uzito uliopimwa, hana tena sababu ya kushona kilemba, na mifuko miwili ya kilo 50 haitamgharimu zaidi ya gunia moja la kilo 100. Mizani ipo, halmashauri inakusanya ushuru wa mazao, na Wakala wa Vipimo una mamlaka. Kinachokosekana ni sharti moja kwenye geti la ushuru.

Ukiumia

Maumivu mengi ya kiuno baada ya kubeba hupungua ndani ya wiki chache. Usilale kitandani siku nzima nzima. Tembea, fanya kazi nyepesi, rudi kwenye mzigo taratibu. Maumivu yanayoshuka chini ya goti, au mguu unaolegea, yanahitaji daktari.

Lakini ukiona ganzi katikati ya mapaja na sehemu za siri, mkojo umeziba au unatoka bila habari yako, usisubiri kuchuliwa na mtu. Panda gari siku hiyo hiyo kwenda Hospitali ya Magunga mjini Korogwe, au Bombo jijini Tanga, na umwambie daktari dalili hizo kabla ya nyingine zote. Mishipa ya fahamu iliyobanwa hapo huhitaji upasuaji wa haraka, na ikicheleweshwa ulemavu unaweza kuwa wa kudumu.